Malaika wa Mauti Aliyekula Kitumbua

Hadithi yangu ya kwanza kuchapwa gazetini ilimhusu Izraili. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa wasichana wadogo, nakaa Temeke kwa shangazi yangu. Majina ya malaika wakuu wanne nilikuwa nimeyahifadhi tangu utotoni, chuoni kwenye Kurani: Jibrili wa wahyi, Mikaili wa mvua na riziki, Israfili wa baragumu, Izraili wa roho. Huyu wa mwisho ndiye aliyenikaa moyoni, maana ndiye peke yake niliyekuwa na hakika kwamba Temeke anafika.

Basi nikamwandika. Nilimvika kanzu na koti, nikampitisha kwenye mchanga wa mtaani kwetu akiulizia nyumba ya kikongwe muuza vitumbua. Kikongwe akamkaribisha, akampa kitumbua cha moto. Malaika akala, akaona haya kusema kilichomleta, akaaga.

Mtaa mzima ulijua kikongwe yule ni nani. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na vitumbua vyake ndivyo tulivyonywea chai.

Gazeti lilitoka Jumamosi. Jumatatu jiko lake halikuwashwa. Homa ilikuwa imemlaza, hamtambui mtu.

"Umemwita," shangazi aliniambia. "Umemwandikia mpaka mlango wa mtu. Ulitaraji nini?"

Siku mbili nilizunguka njia ya nyuma nisipite mlangoni kwake. Kwa maalim wangu wa chuoni niliona haya kwenda, nikamweleza mwalimu mwenzangu, Mkristo kutoka Songea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu sisi, malaika walimtembelea Abrahamu, wakala nyama na maziwa," alisema. "Tunasimuliana miaka yote na hajafa mtu kwa sababu hiyo. Lakini dada, mgonjwa mwenyewe umemwona?"

Nilikuwa sijamwona. Niliogopa. Swali lile lilinichoma kuliko maneno ya shangazi.

Alasiri ileile nikaenda. Binti yake alinipisha mlangoni. Nilimkuta bibi kitandani, ameegemea ukuta, jasho limemtoka, anakunywa uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mwandishi?"

Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi, maneno hayapangiki. Akanikatiza.

"Nimesomewa hadithi yako. Umekosea."

"Najua, bibi. Nisamehe."

"Hujui! Malaika hawali. Wageni wa Nabii Ibrahimu waliandaliwa ndama wa kuchoma, hawakumgusa, ndipo mwenyeji akaingiwa na hofu. Wewe unamlisha Izraili kitumbua! Chuoni ulikuwa ukisinzia?"

"Na homa hii, bibi? Si mimi niliyekuletea?"

Alinikazia macho, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Homa nimeitoa shamba. Mvua ilininyea Ijumaa, gazeti lako likiwa bado halijatoka. Na yule, mwanangu, hangoji kuelekezwa njia na mtu."

Nililia palepale, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, na mwili wote ukawa mwepesi kama nimetuliwa mzigo wa kuni. Yeye akaendelea na uji wake.

Nyumbani nikamsimulia shangazi. Akajitanda kanga, akachukua ndimu tatu kutoka kikapuni, akatoka kwenda kumjulia hali. Naye alikuwa hajaenda.