Fidia Tuliyoila Mtaa wa Juu

Jumamosi, katikati ya Julai. Huku ughaibuni, Merrylands, Julai ni kipupwe: jua linawaka la kudanganya tu, baridi iko palepale.

Binti yetu Neema alikuwa na homework ya nchi iliyoshindwa vita ikatozwa fidia. Mimi shule sikufika mbali, lakini fidia naijua. Nimewahi kuila.

Enzi zetu kule Morogoro, masika yakilainisha udongo, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini tulipigana kwa madongo. Kamanda wa Chini alikuwa Rehema, huyuhuyu mama Neema. Alikuwa na shabaha, nisimpunje. Siku hiyo walikuwa wanatumaliza, mara mtu wetu akapiga kelele, "Rehema, mama yako anakuita!" Enzi zetu mama akiita, hata vita vinangoja. Akatupa madongo, akakimbia. Mama yake hakuwa amemwita, ila kwa kuwa amefika, akapewa vyombo aoshe. Tukatangaza ushindi.

Fidia tuliyowatoza: mpira mmoja wa matambara kila Jumamosi, mwaka mzima. Tukastarehe. Wao, kwa kufunga mipira kila wiki, wakawa mafundi: soksi ndani, mfuko wa rambo juu, kamba za mgomba, mpira unadunda kama wa dukani. Mwaka ulipoisha, sisi hata fundo tumesahau. Tukaenda kuomba. Rehema akasema, "Mpira mmoja, ukoko wa sufuria nzima." Nilikonda.

Watoto wa leo wana mipira minne gereji, yote mipya, wanacheza kwa vidole kwenye simu. Labda nawaonea, nao hawajawahi kumdanganya mtu kama tulivyomdanganya Rehema.

"Dad, who shouted?" Neema akauliza nilipomaliza kumsimulia.

Rehema jikoni akasimamisha mwiko. Miaka yote nimejibu sikumbuki. Sijui kwa nini leo ulimi ulikataa kudanganya.

"Ni mimi."

"Dad! That's cheating!"

"Nilijua tangu siku ile," Rehema akasema. "Mwenye sauti ya mbuzi mtaani alikuwa mmoja tu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, baba Neema."

Nikaomba radhi, nimesimama, kama mtu mzima. Enzi zile tukikosana asubuhi, mchana tunacheza. Mimi kuomba radhi kumenichukua maisha mazima.

Jioni tulikula wali wa nazi na maharage. Rice cooker ipo, lakini Rehema alipika kwa sufuria, makusudi. Ukoko wote alikula yeye. Nilimbandulia mwenyewe.