Malkia Alipozalia Jikoni kwa Wifi

Ipo asubuhi moja ambayo moyo wangu haujaiachilia, mwanangu, na imenirudia tangu uliponiambia unataka mbwa wako azae tena, kwa kuwa watoto wa mbwa wa rafiki yako wamesifiwa sana simuni.

Nilikuwa bibi arusi mgeni hapa Kabras. Wifi yangu Nasimiyu, dada wa mume wangu, aliishi ng'ambo ya ua, naye alikuwa na mbwa wa kienyeji tu, mwenye sikio lililopasuka. Hata hivyo, kila aliyepita kuelekea mashamba ya miwa alisimama kumsifu. Mimi, niliyetoka chuoni, sikusifiwa hata chai. Hasidi hana sababu. Nikamleta Malkia, jike wa kizungu mwenye manyoya marefu, nikamfunga mnyororo mbele ya nyumba ili aonekane, na kila alipotaka dume nilimtafutia. Watoto wake niliwagawa kabla hawajaacha kunyonya, ili kila boma liseme, "Huyu ametoka kwa mke wa mwalimu." Kizuri chajiuza, walisema wahenga, changu nilikitembeza.

Mimba ya mwisho ilimkuta amebaki mifupa. Asubuhi hiyo nilimfungua nifagie kibanda, akaponyoka. Nilimkuta jikoni kwa Nasimiyu, kando ya mafiga, watoto wawili wakinyonya, wengine wamezaliwa wafu.

"Wifi, mgeni wako ameingia bila kubisha," Nasimiyu alisema, akimnywesha uji. "Nimfukuze, ama nimsongee obusuma, ugali wetu?"

Nilimshika Malkia shingoni nimburute nyumbani. Hakuniuma. Alinitazama kama atazamwavyo mpita njia, kisha akalaza kichwa juu ya mguu wa wifi. Ningefurahi zaidi kama angeniuma.

Mama mkwe alikuwa kizingitini akichambua mboga. Hakuinua uso. "Mwache, mwanangu. Ulimtaka kwa ajili ya macho ya watu. Basi hayo macho ya watu na yamnyonyeshee watoto."

Nikamwacha. Malkia alipona, lakini kwangu hakurudi. Kwa miaka iliyombakia nilimwona akimkimbilia Nasimiyu langoni, na sitakudanganya: hata leo, wifi akiketi mbele yangu kanisani, kitu hunichoma kifuani.

Kwa hiyo nisikilize. Mnyororo humshika mnyama, haumfanyi wako. Usimzalishe ili umshinde jirani. Mpumzishe hadi mwili umrudie, usiwatenge watoto na ziwa la mama kabla ya wakati, wala usiwaruhusu wazaliwe kabla hujajua ni nani atakayewatunza. Na wivu ukikushika, maana wewe ni damu yangu na utakushika, umwambie Mungu. Usimtwike kiumbe asiye na kinywa cha kukataa.

Mola akujalie boma ambamo mnyama, hata akifunguliwa lango, atajinyoosha, atapiga miayo, na kulala palepale miguuni pako.