Semina ya Siku Mbili na Bei ya Maharage

Miaka ile ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi nilikuwa nanunua maharage upande wa Biharamulo, Nyamigogo na Nemba, nayapakia kwenye lori lolote lililokuwa na nafasi, nayaleta Ngara kuyauza soko la kambi ya Wanyarwanda. Nilikuwa msichana aliyemaliza darasa la saba, wa familia ya wakulima karibu na Nyamiaga, na nyumbani hakuna aliyenituma. Watu wa kwetu walipotazama kambi waliona kuni zinakwisha na migomba inakatwa usiku, na hawakuwa waongo. Mimi niliona pia watu wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja, na wote wanakula.

Sikufanya peke yangu. Nilikuwa na mwenzangu, mjane wa Kirundi aliyekuwa anaishi kambi ya jirani ya Warundi, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye kwao alikuwa na meza sokoni kabla vita havijamtoa. Yeye alizungumza Kirundi, mimi Kihangaza cha kwetu Ngara, lugha zinazokaribiana, na hatukuhitaji mkalimani. Mimi nilileta mzigo, yeye aliuza, kwa sababu alijua nani analipa na nani anapiga maneno. Faida tuligawana nusu kwa nusu.

Tatizo letu lilikuwa bei. Mgao wa chakula ukitoka, kila hema lilikuwa na maharage na sisi tulikaa tukifukuza nzi. Mgao ukichelewa, watu waligombania debe. Siku moja ulirudi nyumbani unaimba, wiki iliyofuata ulirudi huna hata nauli. Basi tuliposikia kwamba mradi mmoja unaandaa semina kwa wafanyabiashara wadogo, wenyeji na wakimbizi pamoja, tulikuwa wa kwanza kuandikishwa.

Ilifanyika mjini Ngara, kwenye ukumbi wa kukodi. Kwenye bango waliandika kwa herufi kubwa: Uchambuzi wa Kiufundi wa Bei kwa Wanaoanza. Siku mbili. Mwezeshaji alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Bukoba, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na sisi tulimwita mwalimu. Alisimama mbele ya karatasi kubwa, akachora mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, akasema huku ni siku na huku ni bei. Kisha akaweka nukta za bei za wiki nyingi zilizopita na kuziunganisha.

Nilipenda. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu wapo wanaodhani ninaichukia elimu ile. Kitu ambacho kichwani mwangu kilikuwa kelele tupu niliona kimekuwa vilima na mabonde. Mwalimu akatuonyesha kwamba bei ikishuka hugota mahali fulani ikapanda tena, akapaita pale sakafu. Ikipanda hugonga mahali ikarudi, akapaita dari. Akatufundisha kutazama mwelekeo, kama kwa jumla bei inapanda au inateremka. Sisi wa kwetu tunaochanganya l na r tuliandika wengine mwelekeo, wengine mwerekeo, akacheka na kusema bei haijali.

Siku ya pili tulifanya mazoezi. Alitupa bei za zamani, tukachora, tukaonyesha pa kununulia na pa kuuzia. Wote tulipata. Mwenzangu aliinua mkono.

"Mwalimu, hizi ni bei ambazo zimeshapita. Tukikosa kwa zile ambazo bado, tunafanyaje?"

"Swali zuri," alisema, akatazama saa yake. "Hilo litakuja kwenye semina ya ngazi ya juu."

Ikaja soda, vikaja vyeti, tukapigwa picha tumesimama mistari miwili. Semina ya ngazi ya juu haikuja kamwe.

Lakini mwanzoni mambo yalikwenda. Nilibandika karatasi yangu ukutani, juu ya kitanda, na kila nikitoka sokoni niliongeza nukta. Tulinunua bei ilipogusa sakafu, tukauza ilipokaribia dari. Zilikuja tetesi mara kadhaa kwamba Wanyarwanda wote watarudishwa kwao, na kila mara bei iliporomoka, ikagusa sakafu, tetesi zikafa, bei ikapanda. Wengine waliogopa wakauza kwa hasara. Sisi tulishika mstari na tukapata. Mwenzangu alinunua kitenge kipya. Mimi nilimnunulia mama viatu vya kwendea kanisani.

Kisha tetesi zikaja tena, na bei ikashuka tena mpaka sakafuni. Tulikaa wawili nyuma ya banda, tukazungumza kama watu wazima. Nilimwuliza yeye anaonaje. Akasema, "Ni kama zile nyingine." Nami niliona hivyo hivyo. Tulichukua mtaji wetu wote, nikaenda Nyamigogo, nikarudi na lori limekaa chini kwa uzito.

Safari hii hazikuwa tetesi.

Asubuhi moja barabara ilijaa watu. Sijaona tena kitu kama kile. Walikuja wamebeba magodoro kichwani, masufuria, watoto mgongoni, wazee wakiongozwa kwa mkono, na hawakuisha. Tulisimama pembeni mwenzangu na mimi. Yeye alikuwa analia, na haikuwa kwa ajili ya maharage. Alikuwa anatazama watu wanaorudi kwao wakati kwake yeye bado kulikuwa kunaungua. Nilimshika mkono tu, tukasimama hadi vumbi likawa limetufunika nyusi.

Siku chache baadaye soko letu lilikuwa uwanja mtupu wenye miti ya mabanda. Bei ilipita sakafu kana kwamba haikuwahi kuwapo. Maharage yalilala kwenye ghala la baba, na wadudu wakaanza kuyatoboa. Nilipoingiza mkono kwenye gunia, ulitoka umejaa unga.

Baba alinikuta pale. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba, kisha akasimama mlangoni akitazama magunia.

"Umeona sasa," alisema. "Mambo ya kuchorachora ni ya watu wa ofisini. Jembe lako lipo."

"Sirudi kwenye jembe, baba."

Sikuwahi kumjibu hivyo. Baba akasema, "Basi toa haya kabla hayajaharibu mahindi yangu," akaondoka. Nilikaa siku nzima nikipepeta, nikitenga yaliyotobolewa na mazima. Mazima tuliyauza kidogo kidogo kwenye kambi ya Warundi, ambao wao walibaki.

Nilikuwa bado napepeta ujumbe ulipofika. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja kuona matunda ya semina, na meneja wa mradi alikuwa amenichagua mimi nitoe ushuhuda, kwa sababu nilikuwa nasema Kiswahili kilichonyooka. Nilipofika ukumbini alinipa karatasi iliyoandikwa tayari. Ilisema kwamba kabla ya semina nilikuwa nafanya biashara kwa kubahatisha, na sasa nafanya kwa utaalamu, na maisha yangu yamebadilika.

Nilitoka nje nayo. Mwalimu alikuwa amesimama chini ya paa akisubiri wageni. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kilichokuwa kinanichoma.

"Mwalimu, wewe mwenyewe umewahi kununua mzigo kwa mistari hii?"

"Nimewahi. Kahawa."

"Ukapata?"

"Mwishoni nilipata. Kwanza nilipoteza. Nilipoteza kwa miaka, mpaka nikauza kiwanja. Hakuna anayejifunza hiki kitu bila kukosea sana."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaandikia wenye mradi kwamba inahitaji msimu mzima, tukae nanyi sokoni. Wakanirudishia ratiba ya siku mbili." Alitazama viatu vyake. "Ndani ya siku mbili ningeweka wapi habari za kupoteza?"

"Ungeziweka asubuhi ya kwanza," nilimwambia. "Kabla ya mistari."

Nikaingia ndani. Wageni walikaa mbele, washiriki wengine nyuma, mwenzangu katikati yao na kitenge chake. Nilipoitwa nilisimama, nikaikunja ile karatasi, nikaiweka mezani mbele ya meneja.

Nilisema kwamba nawashukuru kwa soda na kwa chakula. Nilisema kwamba kuchora bei ni elimu nzuri na sitaiacha. Halafu nilisema, "Lakini mlitufundisha mnavyomfundisha mtu kuogelea ubaoni, mkatupa cheti, mkatuonyesha mto. Siku mbili hazimtoshi anayeanza. Sisi wawili tumepoteza mtaji wote, na hatukupoteza kwa ujinga."

Meneja alitabasamu kuelekea kwa wageni, kisha akanigeukia. "Dada, huenda hamkufuata vizuri mlichofundishwa."

Neno hilo ndilo lililonipandisha hasira. Kama angesema bahati mbaya, ningekaa.

"Tulifuata," nilisema. "Tulinunua sakafuni kama mlivyosema. Hamkutufundisha sakafu ikivunjika tunatokea wapi. Hamkutufundisha kwamba mtaji wote hauwekwi mahali pamoja. Mwenzangu aliuliza, akaambiwa asubiri ngazi ya juu. Msiandike kwenye ripoti yenu kwamba wanafunzi ndio walioshindwa."

Nyuma yangu mwenzangu akasema kwa sauti, kwa Kirundi, kwamba ndivyo ilivyokuwa, na washiriki wengine wakaanza kuguna. Mwalimu alikaa ameinamisha kichwa. Meneja alitangaza kwamba ni wakati wa chai, ingawa chai ilikuwa bado haijaiva.

Sijui waliandika nini kwenye ripoti. Mimi sikualikwa tena popote na mradi ule, na nililala vizuri.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa napanga mafungu kwenye soko la kambi ya Warundi, nikaona lile shati la pasi linakuja kati ya watu. Mwalimu alisimama mbele ya meza yetu.

"Nimekuja kumalizia semina," alisema.

"Kwa ratiba ya nani?" Bado nilikuwa na hasira.

"Yangu. Jumamosi sina kazi."

Mwenzangu alimsogezea ndoo aikalie. Hakuleta karatasi kubwa wala kalamu za rangi. Alitufanyisha kitu alichokiita kununua kwa mdomo. Kabla hatujatoa pesa yoyote, tulipaswa kusema kwa sauti tunanunua kwa bei gani, tunatarajia nini, na bei ikifika wapi tutakubali kwamba tumekosea na kuuza. Wiki iliyofuata alituuliza tulikuwa tumesema nini. Tulikosea sana. Wiki nyingi tulikosea zaidi kuliko kupatia, na kila tulipokosea hakuna aliyelala na njaa, kwa sababu ilikuwa maneno tu. Alitufundisha pia kuchora siku za mgao pembeni ya bei, na siku ambazo barabara ilikatika kwa mvua, maana mstari peke yake hauelezi nani anakula na nani ameondoka.

Tulianza tena kwa pesa mvua zilipoisha, kwa mzigo mdogo. Mara ya kwanza bei ilipovuka pale tulipokuwa tumesema tutaondoka, mwenzangu alitaka tusubiri kidogo. Nami nilitaka. Tulitazamana, tukauza. Iliuma. Wiki iliyofuata bei ilikuwa chini zaidi, na sisi tulikuwa na pesa mkononi ya kununulia. Siku hiyo nilielewa kwa mwili wangu kitu ambacho ukumbi wowote usingenipa.

Mwalimu alikuja Jumamosi hizo mpaka mkataba wake na mradi ulipokwisha, akarudi kwao. Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Mwenzangu alibaki kambini miaka, hadi kwao kulipotulia naye akarudi. Aliniachia mizani yake na akaniambia nisioe wasiwasi. Alikusudia kusema nisiolewe nao, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwake, na tulicheka hadi gari likapiga honi.

Mimi nilihamia Biharamulo, nina ghala langu, na bado nachora. Sasa hivi vijana wanaitana kwenye semina za mwishoni mwa juma, wanafundishwa kusoma bei za pesa za kigeni kwenye simu, wanatoka Jumapili jioni na cheti, Jumatatu wanatumbukiza humo akiba ya ukoo mzima. Watu wanasema dunia imebadilika. Mimi naona ukumbi ule ule, tofauti ni kwamba karatasi imekuwa kioo.

Mwaka jana walinifuata nami. Kikundi kimoja kilitaka niwe mwezeshaji, siku mbili, kuna malipo na chakula. Niliwaambia nitafundisha msimu mmoja, kuanzia kuvuna hadi kupanda tena, sokoni, na miezi ya mwanzo hakuna mtu kutoa senti. Wakasema muda huo bajeti hairuhusu. Nikawaambia bajeti yao si tatizo langu, nikarudi kwenye magunia. Wakampata mwingine, na ukumbi ukajaa.

Lakini wanawake watatu waliosikia nilichosema hawakwenda huko. Walikuja kwangu, wakasimama mlangoni mwa ghala na madaftari mapya kabisa. Niliwaambia wayaweke kando, kwanza tupepete.