Kome wa Beseni Jekundu

Ujinga wangu ni huu: Jumamosi asubuhi niliwamimina kome wa beseni jekundu kwenye beseni la bluu, nikawakoroga kwa mkono kama mtu anayefua soksi, kisha nikaenda kunywa chai.

Mabeseni hayo yalikuwa chumbani kwangu, nyumbani kwetu mtaa wa Bagara, karibu na ziwa. Nasema kwangu, ingawa Mama alikuwa amempangisha dada mmoja mtafiti, na mimi nikahamishiwa kwenye kochi la sebuleni, lenye springi inayozijua mbavu zangu zote. Dada huyo alichunguza kome, wale viumbe wa majini wenye magamba mawili, wanaoshinda kwenye tope bila kumsalimia mtu. Kimashine chake cha kuwapulizia hewa kilikoroma upande wa pili wa ukuta zaidi hata ya babu yangu. Nilimchukia. Kila asubuhi nilimpa "mambo" badala ya shikamoo, makusudi, naye akajibu "marahaba", makusudi pia.

Beseni la bluu lilikuwa la kome wa ziwani. Jekundu lilikuwa na kumi na mmoja wa kijito cha Bonga. Ndio wote aliowapata, maana kijito kinakauka na watu wanachimba mchanga humo. Nilidhani nikimvurugia kazi atafungasha.

Aliporudi kutoka dukani aliliona beseni tupu, akaniita. Akanishikisha kome wawili.

"Yupi wa Bonga?"

Walifanana kama vifungo vya shati moja.

"Muulize mwenyewe, dada. Mdomo anao."

Hakucheka. "Hata mimi siwajui kwa macho. Tofauti iko ndani, kwenye vinasaba. Wa Bonga wametengana na hawa muda mrefu, wamekuwa ukoo wao. Nikipeleka wa ziwani kule wakazaliana nao, ukoo ule basi. Nikiwamwaga wote ziwani, wale kumi na mmoja wamepotelea humo."

"Kwa hiyo ni kome tu wameoana."

"Wewe ni mpumbavu," alisema taratibu, kama anayesoma lebo ya dawa. "Leo ningemkata kila mmoja kipande kidogo cha nyama, kesho niwarudishe kwao, Jumatatu niondoke. Sasa nitawapa namba wote, nitume vipande maabara, nikae hapahapa kusubiri majibu ndipo nijue nani ni nani. Wakifa kabla, umewaua wewe."

Jumatatu. Angeondoka Jumatatu, na mimi sikujua.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria ya makande, amesikia yote. Nilisubiri kofi. Hakunitazama hata.

"Majibu yanachukua muda gani, mwanangu?" akamuuliza yule dada.

"Miezi miwili, Mama. Labda mitatu."

Mama akatua sufuria chini, akanisukumia beseni jekundu kifuani.

"Kochi ni lako mpaka majibu yarudi," alisema. "Na maji ya hawa utayachota wewe ziwani, kila ukitoka shule. Leo unaanza. Ukikutana na kiboko, mtanie."