Nyumba Iliyopakwa Nta

Kaka yangu ni seremala, na ndiye aliyeligeuza basi dogo kuukuu kuwa nyumba ya safari. Aling'oa viti, akaweka kitanda, kabati na meza ya kukunja, vyote vya mninga. Kisha akazipaka mbao zote nta na kuzisugua hadi zikang'aa, kama baba alivyofanya kwa kila ubao nyumbani kwetu Ntalikwa. Mwisho akatoboa tundu la hewa ubavuni, juu ya kitanda, la kuingia kidole gumba.

"Shemeji," alimwambia mke wangu asubuhi ya kuondoka, "ukilala humu, nyumba ya matofali utamwachia huyu bwana peke yake."

"Nikiumwa mgongo, nitakuja kulala kwako," alijibu mke wangu. "Mkeo nimeshamwambia."

Tulipanga kufuata njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, polepole, likizo nzima ya kiangazi, tukipitia Ulyankulu kumsalimia mjane wa rafiki wa baba. Mke wangu aliogopa kitu kimoja tu porini. Mwaka juzi nyuki mmoja alimuuma mkononi, na kabla hatujafika hospitali koo lake lilikuwa limevimba, midomo imekuwa ya kijivu. Daktari alisema mwingine anaweza kummaliza.

Hatujaenda mbali, nyuki akaingia. Nilisimama, nikamtoa kwa gazeti.

"Ni mmoja tu," nilisema.

"Na yule wa mwaka juzi alikuwa mmoja tu, baba watoto."

Tuliposimama kunywa chai, nilikuta wengine wanatembea kwenye kabati. Nikaifunga sukari ndani ya mifuko miwili na kujiambia yamekwisha. Barabara ilikuwa kavu, miombo imesimama pande zote bila upepo, na kila nilipopunguza mwendo niliwasikia tena nyuma ya kichwa changu.

Tulifika Ulyankulu mchana. Yule mjane, mama mwenyeji wetu, aliitikia shikamoo zetu, akatuandalia mihogo. Mke wangu alikuwa amechoka. Nilikagua ndani ya gari, nikafukuza nyuki wawili, nikafunga madirisha, naye akajilaza.

"Mmebeba asali?" mama aliuliza, akitazama ubavu wa gari.

"Hapana, mama. Sukari kidogo tu."

Nilitazama alikotazama. Nyuki walikuwa wanaingia kwenye lile tundu la hewa na kutoka. Nilikuwa nimelisahau. Nami ni mtoto wa mfuga nyuki. Niliwatazama kama nilivyofundishwa. Nyuki anayetafuta chakula hutoka amebeba kitu. Hawa walitoka mikono mitupu, wakatembea kuzunguka tundu, wakaingia tena, kama mtu anayepima chumba kabla ya kuhamia.

Kwetu, mzinga mpya hatuutundiki hivi hivi mtini. Tunaupaka nta ndani, kwa sababu harufu hiyo huwaambia nyuki wanaohama kwamba hapa pamewahi kukalika. Sanduku la mbao, giza, tundu dogo, nta: kaka alikuwa ametengeneza mzinga mkubwa kuliko wote wa baba, na mimi nilikuwa nimemlaza mke wangu ndani yake.

Ndipo nikausikia mvumo, mzito, ukitokea upande wa mashamba ya tumbaku.

Sikukimbia. Nyuki hukerwa na kishindo. Nilifungua mlango wa gari taratibu, nikamshika mke wangu mguu.

"Amka. Usipunge mkono. Jitande khanga hadi usoni, unifuate."

Alijitanda khanga, akashuka. Tulitembea kama watu wanaotoka ibadani, huku juu yetu anga ikigeuka nyeusi. Mama alikuwa ameshika mlango wa jiko lake. Tulipoingia, akaufunga.

Kupitia ufa tuliona kundi zima likishuka ubavuni mwa gari na kumiminika ndani, kupitia tundu na kupitia mlango nilioacha wazi.

"Watatoka lini?" mke wangu alinong'ona.

Nilitamani kumdanganya. "Wakishapapenda, hawatoki."

Kisha akasema, bila kusogeza midomo sana, "Kuna mmoja hapa."

Alikuwa kwenye pindo la khanga, karibu na shingo, akitembea, akisimama, akipima. Mama aliufungua mlango kidogo, mwanga ukaingia. Yule nyuki aligeuka kuelekea kwenye mwanga, akasimama, akatembea tena. Hatukuvuta pumzi mpaka aliporuka kuwafuata wenzake.

Tulirudi Tabora kwa basi. Funguo za gari ninazo hadi leo.