Sentensi Niliyokataa Kuifuta

Mwalimu aliyemsimamia mdogo wangu chuoni alitaka sentensi yangu moja ifutwe. Sikuifuta.

Miaka ile ya sabini tulikaa Tensta, kitongoji cha Stockholm, mimi na mdogo wangu, kitinda mimba kati ya wale niliowalea. Wazazi walipofariki mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaacha shule kabla ya darasa la saba. Stockholm nilikuja kujifunza upishi wa hospitali, nikabaki jikoni huko. Yeye alinifuata baadaye kusoma siasa. Chuo kilimpa kazi ya kuwatayarishia wanafunzi wapya orodha ya vitabu kuhusu siasa za kwetu, na chini ya kila kitabu maelezo mafupi: kinasema nini, kinafaa kwa kazi gani, kina upungufu gani.

"Vya Kiingereza nitasoma mimi," alisema. "Vya Kiswahili shika wewe, dada. Nitatafsiri utakachoandika."

"Mimi na darasa langu la sita?"

"Wewe na mdomo wako."

Nilisoma kwa namna niliyoijua. Nyumbani, katika madarasa ya watu wazima, kitabu hakikusomwa kimyakimya. Mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakamkatiza. Basi kila zamu yetu ya kufua ilipofika tulishuka na vitabu hadi chumba cha mashine za kufulia chini ya jengo. Nilipaza sauti juu ya ngurumo, yeye akikunja mashuka na kunipinga. Tulipobishana sana, hapo ndipo nilipojua la kuandika. Jirani aliyekuja kuchukua nguo zake aliuliza kama tunagombana. Mdogo wangu akamjibu kwa Kiswidi kwamba tuko kazini.

Kimojawapo kilihusu vijiji vipya ambako serikali ya kwetu iliwahamishia wakulima. Niliandika: "Kinaeleza mpango vizuri. Mwandishi hakuzungumza na mtu yeyote kijijini."

Mwalimu akaniita, nikaenda na mdogo wangu. Alikuwa Mswidi aliyefundisha Moshi miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani.

"Mama, hapa si mahali pa kuhukumu. Tena umekosea. Nyuma ya kitabu kuna majina ya watu aliozungumza nao. Futa, yaishe."

"Nikikosea nitasahihisha. Kufuta, hapana. Mliomba upungufu."

Mdogo wangu alitazama viatu vyake. Mwalimu yule ndiye angeamua kama ataendelea na kazi.

Kwenye basi la kurudi nyumbani kutoka stesheni ya Spånga mdogo wangu alininunia, kisha akasema, "Ni sentensi moja tu, dada."

"Kama ni moja tu, inamwuma nini?"

Zamu iliyofuata nilifungua kurasa za mwisho. Hatukuwa tumezisoma, kwa sababu zilikuwa majina matupu, na nani husomea watu majina? Sasa niliyasoma yote kwa sauti, pamoja na vyeo vyake: katibu, bwana shamba, mwenye duka, katibu tena. Mdogo wangu aliacha kukunja.

"Wakulima wako wapi?" akauliza.

Niliandika upya: "Kinaeleza mpango vizuri. Mwandishi aliwauliza makatibu, mabwana shamba na wenye maduka. Hakumwuliza mkulima."

Nilimpelekea mwalimu mimi mwenyewe, mdogo wangu akinifuata nyuma. Aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ni kali kuliko ya kwanza."

"Ni ya kweli kuliko ya kwanza. Ulinisaidia."

"Na nikiondoa maneno yale ya mwisho?"

"Ondoa na maelezo yangu mengine yote. Waambie wanafunzi vitabu vya Kiswahili vipo, ila hakuna wa kuwaeleza vina nini."

Alicheka bila furaha. Mdogo wangu hakucheka.

Orodha ilipotoka, maelezo yangu yalikuwemo yote, na mdogo wangu alibaki na kazi yake. Ila chini yake mwalimu alikuwa ameongeza kwamba msimamizi hakubaliani na maoni hayo.

"Umeona? Amekukatiza," mdogo wangu alisema.

"Vizuri," nikamwambia. "Sasa na yeye anasoma kama sisi."