Gari ya Mbio Isiyo na Klachi

Juzi Wattaya, mtaa wa maduka ya magari, niliona gari ya mbio ya zamani, ya Kitaliani. Wauzaji wakabisha kuwa gia zake otomatiki zimepachikwa baadaye. Niliwanyamazisha: imetoka nazo kiwandani, ni adimu. Diploma yangu ya ufundi niliipata ughaibuni kwa jasho langu.

Baba alikuwa nayo kama hiyo. Alasiri moja alinipakia. Ndani mlinukia udi aliofukiza, na chini ya udi kitu kilichooza. Nilidhani ni ngozi ya viti.

Ami akachungulia dirishani. "Gari ya mbio haina klachi? Umenunua ya bibi harusi."

"Mguu wa kushoto nimeupa likizo," baba akajibu.

Nilicheka, nikidhani anaringa. Kumbe kisukari kilikuwa kinamla mguu, naye anatuficha. Alipokubali kwenda hospitali, kuukata hakukumwokoa.